Fundi Uzi na Kiraka cha Upande wa Kushoto

Saa mbili na robo asubuhi. Chumba kitupu, ngazi moja, ndoo mbili za rangi, na mwanamke aliyekalia ndoo ya tatu iliyopinduliwa. Ana sindano za kufumia mapajani na sweta lililofika kiunoni, lakini hafumi. Anatazama ukuta.

"Kushoto," anasema. "Chini kidogo. Karibu na swichi."

Mumewe, aliyesimama mbele ya ukuta huo na brashi ya inchi mbili mkononi, anageuza kichwa kizima badala ya macho tu. "Hapa?"

"Hapo ulishapita. Shuka. Hapo hapo."

Anapaka. Anarudi nyuma hatua mbili, anageuza kichwa tena polepole kutoka kona hadi kona, kisha anauliza kama kuna kingine. Mkewe anachukua sindano zake. "Hakuna. Leo umenipunguzia kazi."

Mwanamke huyu si mwenye nyumba, wala hajawahi kushika rola maishani mwake. Ameolewa na fundi huyu miaka thelathini na mmoja sasa, na mafundi wengine wamempa cheo cha mkaguzi. Kazi yake ni kuona kile ambacho mumewe haoni.

Mume mwenyewe ana miaka hamsini na minane, thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kupaka nyumba za watu rangi. Anajulikana kwa jina la Fundi Uzi. Alipewa na wenzake ujanani, kwa sababu mstari wake, pale ukuta unapokutana na dari, ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Wengine hubandika utepe wa karatasi kwanza ili rangi isivuke. Yeye alikuwa akiukata kwa mkono mtupu na brashi, huku akipiga soga.

"Watu walikuwa wanaleta wageni waje kuangalia dari yangu," anasema.

"Watu wangapi?" anauliza mkewe bila kuinua uso.

"Wawili."

Leo jicho lake la kushoto haliambulii chochote zaidi ya mwanga hafifu wa dirisha. La kulia linaona katikati vizuri sana, kiasi kwamba anasoma yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya kopo la rangi bila miwani. Lakini upande mmoja wa jicho hilo umekwisha kuliwa. Ugonjwa unaoyala macho yake ni glakoma, ambao wengi wetu tunauita presha ya macho.

Na keshokutwa asubuhi ana miadi. Miezi minne iliyopita, presha ya jicho lake zima ilipanda kutoka kumi na tano hadi ishirini na mbili. Daktari alimwongezea dawa ya pili, kisha akamwambia ukweli bila kumzungusha: atakaporudi atapimwa upana wa kuona, na kama umepungua tena, itabidi afanyiwe upasuaji. Upasuaji huo haurudishi kilichopotea. Unajaribu kulinda kilichobaki, na hata hilo halina ahadi.

"Hili moja ndilo linanilisha," anasema Fundi Uzi, akigusa chini ya jicho la kulia kwa kidole chenye rangi nyeupe. "Hili likiondoka, mimi sijui nitakuwa nani."

*

Mambo yalianza, au tuseme yalijulikana, miaka minne kasoro mwezi iliyopita. Fundi Uzi alikuwa akipaka nyumba ya mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye macho makali na subira fupi. Alifanya kazi hiyo na mwenzake wa siku nyingi, mtaalamu wa kuziba nyufa na kulainisha kuta, ambaye mafundi wote humwita Msasa.

Siku ya kukabidhi kazi, mwalimu alimwita Fundi Uzi sebuleni na kumwonyesha ukuta ulio upande wa kushoto wa mlango. Palikuwa na kiraka cha plasta tupu, upana wa kiganja, kutoka darini hadi sakafuni. Hakikuguswa na brashi hata mara moja.

"Nikamwambia, mwalimu, hapo nimepaka. Sikuwa namdanganya. Mimi nilikuwa naona pamepakwa," anasimulia.

Mwalimu alimshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akakiweka kiganja chake ukutani. Plasta ilimkwaruza. Ndipo alipogeuza kichwa na kukiona.

Kilichofuata ndicho kinachomuumiza hadi leo. Alimgeukia Msasa na kumlaumu mbele ya mwenye nyumba. Alisema Msasa ndiye aliyepewa upande ule, alisema ni mvivu, alisema amechoka kurekebisha makosa ya watu. Halikuwa tusi la kwanza. Kwa mwaka mzima viraka vilikuwa vikijitokeza, daima upande wa kushoto, na daima mwenye kosa alikuwa Msasa, au rangi feki, au taa mbaya.

Msasa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Mimi nilikuwa na hasira za kumtupia ndoo," anasema. "Lakini nikajiuliza, huyu ni Uzi. Uzi hawezi kuacha kiraka. Kuna kitu."

Alichofanya ni jambo dogo. Alisimama kando ya rafiki yake, upande wa kushoto, akanyoosha mkono wenye brashi usawa wa sikio lake, akamuuliza: "Nimeshika nini?"

"Nikamuuliza, umeshika wapi?" anasema Fundi Uzi. "Mwalimu akaketi chini. Hakudai tena habari ya ukuta. Akasema, fundi, wewe nenda hospitali leo, usisubiri kesho."

*

Daktari wa macho anayemtibu ni mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake, na humwita mzee wangu. Alimweleza kwamba ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba, maji hurundikana, presha hupanda, na ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo husagika taratibu. Hakuna maumivu. Jicho haliwi jekundu. Mara nyingi kinachoanza kuondoka ni pembeni, ambako mtu hana haja ya kutazama, na kinachoondoka hakirudi.

Presha ya jicho la kushoto siku hiyo ilikuwa thelathini na nane, na la kulia thelathini na moja. Kwa kawaida haitakiwi kuvuka ishirini na moja, ingawa daktari anasema wako wanaoumia hata chini ya hapo, ndiyo maana hupima na mshipa wenyewe.

Fundi Uzi aliuliza swali ambalo nami ningeuliza. Kama upande huo haoni, mbona hakuona giza? Mbona aliona ukuta uliopakwa?

"Ubongo haupendi tundu," daktari ananieleza, akirudia jibu alilompa. "Ukikosa picha mahali, unajaza kwa kile kilicho jirani. Kama jirani ni ukuta mweupe, unajaza weupe. Nilimwambia, mzee wangu, kichwani mwako kuna fundi mwingine, anapaka pale ambapo wewe hujapaka."

Fundi Uzi alicheka. Anakiri kwamba alicheka kwa sababu alikuwa na hofu.

Hofu hiyo ndiyo iliyomponza kwenye kipimo chake cha kwanza. Mgonjwa huingiza uso kwenye mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe, anazibwa jicho moja, na lile jingine hulitazamisha katikati. Vitaa vidogo huwaka huku na kule, kimoja kimoja. Akikiona kitaa, anabonyeza kitufe. Ni hivyo tu.

"Mimi nikaishika haraka," anasema. "Kitu kinapiga kwa mwendo mmoja. Nikawa nabonyeza tu kwa mwendo huo huo. Nilidhani nikifeli nitakatazwa kazi."

Muuguzi aliitazama karatasi iliyotoka, akamtazama yeye, kisha akamwambia kwa upole: "Baba, umeona taa ambazo hatujaziwasha."

Akarudishwa kwenye mashine siku hiyo hiyo. Picha ya kweli ilipotoka, jicho la kushoto lilikuwa karibu lote limefunikwa weusi, na la kulia lilikuwa na doa jeusi upande wa puani. Jicho la kushoto lilipokuwa zima lilikuwa likilifichia aibu mwenzake. Lilipokufa, hakukuwa na wa kuziba pengo.

*

Ningependa kuandika kwamba kuanzia siku hiyo alitumia dawa kama alivyoambiwa. Hakutumia.

Katika kazi ya rangi, kila tabaka linalopakwa huitwa mkono. Ukuta wa heshima hupigwa mikono miwili, na baada ya hapo fundi hukusanya ngazi yake. Fundi Uzi alipewa chupa ya dawa ya matone, tone moja kila jicho kila jioni. Alimaliza chupa ya kwanza, akanunua ya pili, akaimaliza. Kisha akaacha.

"Mikono miwili," anasema, na hapa hacheki. "Nilijua kazi imekwisha. Jicho haliumi, na kuona hakujaongezeka. Sasa mkono wa tatu wa nini?"

Pia alikuwa ameacha chumvi. Alisikia neno presha, akadhani ni ile ya moyo, na kwa miezi miwili nyumba nzima ilikula chakula chapwa. "Chumvi aliiacha kwa moyo wote," anasema mkewe. "Dawa yenyewe ndiyo aliyoifanyia ujanja."

Miezi minane ilipita hivyo. Asubuhi moja alishuka kwenye ngazi akiwa na ndoo, akakanyaga kipago ambacho hakikuwepo. Alivunjika mkono. Hospitali walipomfunga plasta ya mkono, mkewe alimburuta hadi chumba cha macho, jengo hilo hilo, ghorofa ya chini. Lile doa la jicho la kulia lilikuwa limekua, likakaribia katikati.

Daktari hakugomba. Fundi Uzi anasema afadhali angegomba. Alimwekea karatasi mbili kando kwa kando, ya zamani na mpya, akamwacha azisome mwenyewe. Kisha akamwambia kwamba ukuta huu haukauki. Kila jioni maji mapya yanaingia, kila jioni lazima apige mkono mwingine, mpaka mwisho wa maisha yake.

Tangu hapo ni miaka mitatu na mwezi.

*

Jioni ya siku hiyo ya kwanza tuliyokutana, wananipeleka kwao. Nyumba ni ya vyumba vitatu, safi, yenye mapazia ya bluu. Kuta zake ni plasta tupu, za kijivu, ndani na nje. Fundi aliyepaka majumba ya watu miaka thelathini na minne anaishi katika nyumba isiyo na hata tone la rangi.

"Tulihamia hapa miaka kumi na tisa iliyopita," anasema mkewe. "Akaniambia mwakani. Mimi bado naisubiri hiyo mwakani."

Kisha ananivuta chumbani na kufunga mlango, ili nione ukuta ulio nyuma yake. Hapo rangi ipo. Ni vialama, kila kimoja urefu wa ukucha wa kidole gumba, vimepangwa safu kwa safu: vyeupe, vya krimu, vya kijani cha hospitali, vya waridi ya chumba cha mtoto wa mtu. Kila jioni saa moja, Fundi Uzi anapomaliza kujitia matone na kufumba macho kwa dakika mbili, huchovya kijiti kwenye rangi iliyosalia ya kazi ya siku hiyo na kupiga alama moja.

Mkewe amezihesabu mara mbili. Ziko elfu moja mia moja na ishirini na mbili. Kuna mapengo manne, na kila pengo analijua: misiba miwili, homa moja, na siku moja ambayo duka la dawa halikuwa nayo.

Dawa si rahisi. Chupa mbili za mwezi, ya asubuhi na ya jioni, zinameza ujira wa siku tatu, na kipato chenyewe kimeshuka kwa nusu. Hapandi ngazi tena. Dari na vyumba vya juu ni vya Msasa. Yeye anabaki na kuta za chini, milango na fremu za madirisha, huku mkaguzi akiwa kwenye ndoo yake.

Kuhusu Msasa, aliwahi kwenda kwake kuomba radhi. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, akafika mlangoni yakamkauka. Msasa alimtazama kidogo, akasema: "Njoo Jumatatu, kuna jikoni pa kupaka rangi." Hawajalizungumza tena jambo hilo, ila Fundi Uzi anasema hulikumbuka kila Jumatatu.

Lililobaki ni watoto. Baba yake Fundi Uzi alipofuka akiwa na miaka sitini na mmoja, na ukoo mzima ukasema ni uzee. Daktari aliposikia hivyo aliweka kalamu chini. Glakoma hupenda kutembea ndani ya familia, akasema, na mtoto au ndugu wa mgonjwa anatakiwa kupimwa hata kama anaona vizuri, maana wanaoona vizuri ndio bado wana cha kuokolewa. Mabinti wawili wa fundi walipimwa, wako salama, na watarudi kila mwaka. Kitinda mimba, dereva wa lori mwenye miaka ishirini na saba, kila akipigiwa simu ana safari.

"Ananijibu, baba, mimi naona vizuri sana," anasema Fundi Uzi. "Mimi nami nilimjibu hivyo hivyo mwalimu."

*

Siku ya miadi, wanafika kliniki saa moja na nusu. Fundi Uzi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya harusi za watu. Anaitwa saa tatu. Mlango unaachwa wazi kidogo, na kutoka kwenye benchi la nje tunasikia kitufe.

Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya kirefu.

Mkewe ameshika sweta, ambalo sasa lina mkono mmoja, lakini sindano hazisogei. "Akinyamaza sana naogopa," ananinong'oneza. "Akibonyeza sana naogopa zaidi."

Kimya kinarefuka. Ninajikuta nami natamani abonyeze, hata kwa uongo. Kisha naelewa kwamba huo ndio mtego ulionasa mtu huyu mara ya kwanza, na naona aibu.

Tik.

Baada ya nusu saa tunaingizwa wote watatu kwa daktari. Ameshapima presha ya jicho: kumi na sita. Anatandika karatasi mbili mezani, kando kwa kando, kama alivyofanya siku ile ya mkono uliovunjika. Ya mwaka jana, ya leo. Fundi Uzi anageuza kichwa kushoto, anaitazama moja. Anageuza kulia, anaitazama ya pili. Anarudia. Doa ni lile lile. Halijasogea.

"Hakuna upasuaji sasa hivi," anasema daktari. "Tunaendelea na dawa, zote mbili, na unarudi baada ya miezi minne. Na mzee wangu, kuna jambo lingine limenifurahisha." Anaweka kidole chini ya karatasi, kwenye namba ndogo. "Hii ni hesabu ya taa ulizobonyeza bila kuziona. Leo ni sifuri."

Fundi Uzi analia. Analia waziwazi, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini kwamba ameutua.

"Acha," mkewe anamwambia, naye akijifuta kwa sweta. "Utazitoa dawa."

*

Nje, kwenye ngazi za hospitali, ananiambia mpango wake. Jumamosi ijayo wanapaka nyumba yao. Msasa ameshakubali kushika dari. Mabinti wanakuja. Mkewe ana kadi ya rangi aliyoihifadhi miaka kumi na tisa ndani ya kabati la vyombo, na rangi aliyoichagua wakati ule, njano ya maziwa, bado inapatikana. Mistari yote ya chini ataikata Fundi Uzi mwenyewe, bila utepe.

"Nataka niione nyumba yangu ikiwa na rangi, wakati wa kuiona ndio huu," anasema. "Ila kuna sehemu nitaacha. Nyuma ya mlango wa chumbani. Upana wa kiganja, juu mpaka chini. Pale penye alama."

Mkewe anasimama. "Nimekusubiri miaka kumi na tisa, halafu uniachie kiraka?"

"Kiraka kimoja."

"Cha nini, Baba Watoto?"

"Kijana wako akija Jumamosi, maana nimemwambia kuna kula, nitamwingiza chumbani nifunge mlango. Nitamwambia, kuta zote hizi za mama yako zimepata rangi, hapa pametushinda. Ataniuliza kwa nini. Hapo ndipo nitaanzia."

Mkewe analikunja sweta. Analitia mkobani pamoja na sindano zake, kisha anamshika mumewe mkono wa kushoto, upande asiouona, kumvusha barabara.

"Basi kiache," anasema. "Lakini kingo zake uzinyooshe. Mimi nitakuwa nakagua."